Salama, Ila...

Kikatiti, 9 Mei 2025

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Kaka Rodrick ameniambia kwamba umetoka hospitali, uko kwake Njiro unapumzika, na daktari amekukataza kabisa kuongea mpaka koo lipone. Nilipomwambia nitakuwa nakutumia meseji alicheka. Alisema meseji zangu unazifuta bila kuzisoma kwa sababu naandika "nmefka" badala ya "nimefika". Haya, nimeshika kalamu. Elirehema, yule anayepeleka maziwa mjini kila Jumamosi, amekubali kuwa tarishi wetu.

Nina shida, na nimeileta kwa mwalimu aliyenifundisha kusoma. Sikukuu ya Mavuno mwezi wa nane, usharika umeomba shule yetu isome hadithi moja mbele ya watu, iliyotungwa na watoto wenyewe. Mimi kwa kiherehere changu nikanyoosha mkono, nikasema darasa la tatu wataandika, tena hadithi ya taharuki, ya kumweka mtu roho juu. Mwalimu Mkuu Sifaeli alinitazama mpaka nikaona aibu. Anasema watoto wa miaka minane wananakili ubaoni, hawatungi.

Naanza kuogopa kwamba yuko sawa. Wiki nzima nimefundisha nukta, mkato, alama ya kuuliza na alama ya mshangao. Wamezikariri vizuri sana. Halafu nikawaambia tungeni hadithi ya kutisha. Hii hapa ya Prosper, yote, sijapunguza neno:

"Fisi alikuja! Akala mbuzi wetu! Sisi wote wazima! Mwisho!"

Nyingine zote ni ndugu zake na hiyo. Nifanyeje?

Huku kila mtu anakuulizia. Tangu uondoke, mnada wa baada ya ibada anauendesha Mzee Gadiel, naye anauza jogoo kama anasoma matangazo ya vikao. Jumapili iliyopita mkungu wa ndizi ulikaa mezani mpaka Mchungaji akaununua mwenyewe kwa huruma. Nimewaahidi watu, na watoto wangu pia, kwamba siku ya Mavuno utakuwa umerudi na sauti yako.

Mwanao,
Eunike


Njiro, 12 Mei 2025

Mwanangu Eunike,

Marahaba. Huku salama. Nyumba ya Rodrick ina ukuta mrefu, makochi laini na mbwa asiyenipenda. Mkwe wangu Rachel ananipikia uji wa kila aina, ila loshoro, ile ya mahindi na maziwa mgando, haijui, na sina jinsi ya kumwelekeza. Barua yako nimeisoma na kalamu nyekundu mkononi. Nitakurudishia.

Kwanza, Sifaeli asikutishe. Huyo nilimfundisha darasa la pili, na alikuwa analia akisikia neno imla.

Pili, watoto wako hawana ubaya wowote. Umewafundisha sura za alama, hujawafundisha pumzi yake. Na mahali pa kujifunzia pumzi wanapo. Hao wote hukaa nje ya kanisa kila Jumapili, wakitazama vitu vya sadaka vikiuzwa: mayai, maparachichi, jogoo wa mtu. Wamenisikia tangu wakiwa mgongoni. Wakumbushe nilivyokuwa nauza.

"Jogoo mwekundu, mnene, wa mama Magreth." Pale kwenye "mwekundu" kiganja changu kiko wazi hewani. Huo ni mkato: nimevuta pumzi kidogo, sijamaliza. "Nani anaongeza?" Nyusi juu. Hiyo ni alama ya kuuliza, na baada yake unanyamaza, kwa sababu umemdai mtu jibu. "Mara ya kwanza. Mara ya pili..." Hapo vidole vitatu vinabaki juu, nami namtazama Mzee Lesikar, ambaye mkono wake uko mfukoni, hautoki wala hautulii. Hizo ndizo nukta tatu. Sijasema kitu, na ndipo watu wote wanapoacha kutafuna. Halafu ngumi mezani. Nukta. Ameuzwa.

Na mshangao? Mara moja tu, pale mnunuzi anaposema, "Namrudisha, auzwe tena!" Ukiupiga kila sentensi, watu wanakuzoea na hakuna anayegeuka.

Funga vitabu. Cheza nao mnada.

Koo linaendelea vizuri. Daktari anasema nivute subira.

Shangazi yako,
Elieshi


Kikatiti, 23 Mei 2025

Shangazi, shikamoo.

Ungekuwepo ungecheka mpaka ushike mbavu! (Huo ni mshangao wangu mmoja, nimeutumia.)

Tumecheza mnada. Jogoo wetu ni mpira wa majani ya migomba uliovishwa kofia ya Prosper. Kila mtoto anapanda kwenye benchi na kusoma sentensi, na mwenzake anasimama mbele yake akimwongoza kwa mikono yako: kiganja, nyusi, vidole vitatu, ngumi. Asiyepumua mahali pa kupumua, jogoo anarudi mezani. Mwalimu Mkuu alikuja kuuliza kelele ni za nini. Alisimama mlangoni muda mrefu, kisha akauliza, "Jogoo amefika bei gani?" Watoto wakampigia makofi.

Kuna msichana mmoja anaitwa Nasieku. Amehamia kwetu mwaka huu kutoka upande wa magharibi wa mlima, anaishi kwa mama yake mdogo. Kwao wanaongea Kimaasai, na Kiswahili chake kinatoka polepole, kimepimwa. Mwanzoni nilidhani haelewi. Kumbe anasikiliza. Akiinua vidole vitatu, Shangazi, hata mimi mwalimu nasahau kupumua.

Wamegundua na jambo jingine wenyewe. Kadiri fisi anavyokaribia, sentensi zinafupika. Nasieku ndiye aliyesema: mtu anayeogopa hana pumzi ya kusema maneno mengi. Sasa wanaandika, "Akasimama. Akasikiliza. Akageuka." Nimewaambia hiyo "ka" ni hatua za miguu, kila moja inamsogeza msomaji gizani.

Kimebaki kitu kimoja kinachonishinda. Bado wanaanza na mwisho. "Fisi alikula mbuzi wetu" ndiyo sentensi ya kwanza, kisha inakuja taharuki yote wakati mbuzi ameshaliwa. Nawazuiaje?

Nawasomea barua zako darasani. Wanakuita Bibi wa Mnada. Wameanza kuhesabia Mavuno.

Eunike


Njiro, 26 Mei 2025

Mwanangu,

Huku salama. Nimemwonyesha Rachel barua yako, akaisoma kwa sauti jikoni na tukacheka wote wawili, yeye kwa kelele na mimi kwa mabega.

Hao watoto ni hodari, na wewe ni hodari kuliko unavyojiona. Ile ya pumzi ya mwenye hofu sikuwahi kumsikia mwanafunzi wangu yeyote akiisema. Mpe Nasieku kalamu mpya, useme imetoka kwangu.

Kuhusu kuanza na mwisho, waulize watoto hivi: mgeni akija nyumbani akitokea mbali, anasalimiwaje? Habari za huko? Nzuri. Watoto? Wazima. Mifugo? Salama. Mvua? Tunashukuru. Anaketi. Analetewa chai. Anakunywa nusu kikombe. Halafu anaweka kikombe chini na kusema, "Salama, ila..."

Hakuna mtoto wa kwetu asiyeijua ile "ila". Wanaijua kuliko herufi a. Mama anaacha kumenya ndizi. Baba anazima redio. Mtu anaweza kuwa amekuja kutangaza msiba, lakini hajauanza mlangoni. Ameanza na salama, kwa heshima, ili moyo wa mwenyeji upate mahali pa kukaa. Basi waambie hadithi ni mgeni. Imlete msomaji, imkalishe, impe chai. Kila mtu ana ila yake, na anajua mahali pa kuiweka.

Likizo njema. Usiharibu macho kwa kusahihisha.

Shangazi yako,
Elieshi


Kikatiti, 11 Julai 2025

Shangazi, shikamoo. Pole kwa ukimya wa likizo, nilikuwa shambani na mama, kahawa imeiva.

Tumemaliza! Tuseme, karibu. Wameitunga darasa zima, sentensi moja moja, na kila sentensi ilipigiwa mnada: yenye kuwanyamazisha wenzake ndiyo iliyonunuliwa. Sikugusa kitu. Nakunakilia:

"Ilikuwa siku ya Mavuno. Nyumbani kote kulikuwa salama, ila Bibi wa Mnada alikuwa hajaonekana. Watu walijaa nje ya kanisa. Jogoo mwekundu, mnene, amefungwa miguu, alikuwa mezani anatazama. Mama Magreth akauliza, yuko wapi? Mzee Lesikar akasema hatakuja. Mara geti likalia. Watu wakageuka. Akaingia mtu mwenye kitenge cha bluu. Alikuwa yeye. Akapita katikati ya watu. Akapanda kwenye benchi. Watu kimya. Watoto kimya. Jogoo kimya. Bibi akainua vidole vitatu. Akafungua mdomo..."

Wameishia hapo makusudi. Wamepiga kura: mwisho uandikwe na Bibi mwenyewe, kwa sababu ndiye anayejua alichosema. Prosper anataka uanze na "Jogoo mwekundu!" Nasieku anasema Bibi aachwe aseme anachotaka.

Tunangoja.

Eunike


Njiro, 19 Julai 2025

Dada Eunike,

Habari za huko. Hapa tunaendelea vizuri. Mama ameniomba nikuandikie kwamba kwa sasa hajisikii kushika kalamu. Hadithi ya watoto ameisoma. Ameikunja na kuiweka ndani ya Biblia. Haumwi, ila tangu siku ile hatoki chumbani isipokuwa kula.

Mimi si mtu wa maneno mengi. Nakuomba tu usimkumbushe habari za Mavuno kwa sasa. Mengine atakwambia yeye.

Kaka yako,
Rodrick


Kikatiti, 25 Julai 2025

Shangazi, shikamoo.

Barua ya Kaka Rodrick imeninyima raha. Nadhani tumekukosea. Nimeipitia ile hadithi tena na kuona pale mama Magreth anapouliza hatukuweka alama za kunukuu. Tena kukuweka ndani ya hadithi bila kukuomba ruhusa, mbele ya usharika, huo ni utovu wa adabu, na kosa ni langu, si la watoto. Nisamehe. Tunaweza kubadilisha jina, au kumtoa bibi kabisa.

Niliwaambia watoto kwamba Bibi amechoka kidogo. Nasieku alibaki darasani wakati wa mapumziko akaandika haya. Nayatuma yalivyo.

Eunike

"Shikamoo Bibi. Mimi ni Nasieku. Asante kwa kalamu, ninaiandikia sasa. Mwalimu anatusomea barua zako na mimi nazisikiliza. Ulisema kila mtu ana ila yake. Ninaitafuta yako, siioni. Kila barua unasema huku salama, halafu unaanza mambo ya jogoo. Koo lako unasema linaendelea vizuri, lakini husemi linaendelea kwenda wapi. Bibi, chai umeshakunywa. Weka kikombe chini."


Njiro, 28 Julai 2025

Mwanangu Eunike, na Nasieku,

Huku salama, ila sauti yangu hairudi.

Nimeiandika. Nimekaa nikaitazama sentensi hiyo tangu asubuhi, na Rachel amepita mara kadhaa akidhani nasali.

Hamkunikosea kitu. Nilijua tangu mwezi wa nne, kabla sijaingia chumba cha upasuaji. Daktari alinieleza kwa upole kwamba ule uvimbe umekaa kwenye kisanduku chenyewe cha sauti, hauwezi kutoka peke yake. Nikasema utoke na sauti, nibaki mimi. Hayo ndiyo maneno yangu ya mwisho kusema vizuri, na siyajutii. Sasa napumua kwa tundu shingoni, nalifunika kwa kitambaa. Hata nikiugua kwa maumivu, hakitoki kitu.

Kwa nini sikuwaambia? Kwa sababu ulikuwa umeshawaahidi watu kwamba nitarudi nikiuza, na ilinipendeza kukaa kidogo zaidi ndani ya ahadi yako. Kila Jumamosi nilipopata barua nilikuwa bado Bibi wa Mnada. Kisha ikaja hadithi yenu, nikafika pale "Akafungua mdomo...", na mimi ndiye mtu pekee duniani aliyejua kinachofuata. Nililia, Eunike. Kulia bila sauti ni kazi ngumu, hakuna mtu aliyewahi kunifundisha.

Maisha yangu yote nimekula kwa mdomo huu. Darasani siku tano, kanisani ya saba. Nirudi huko nikafanye nini, nisimame mlangoni nipewe pole? Nitabaki Njiro. Waambie watu polepole. Siku ya Mavuno someni hadithi nyingine, ile ya fisi itafaa.

Nasieku, umezisoma barua zangu kuliko watu wazima wote. Usiiache kalamu hiyo.

Shangazi yako,
Elieshi


Kikatiti, 4 Agosti 2025

Shangazi yangu,

Shikamoo. Nimelia ofisini mbele ya walimu wote, na Mwalimu Mkuu Sifaeli akanipokonya barua akasoma, kisha akatoka nje akasimama karibu na bomba mpaka kengele ikapigwa. Ulimfundisha vibaya: bado analia.

Nilitaka kuwaambia watoto polepole, ulivyosema. Nimeshindwa. Walikuwa wameniona macho. Nikawaambia yote, hata tundu la shingoni. Kisha Prosper akanyoosha mkono.

"Mwalimu, Bibi amekatwa na mikono?"

Nikasema hapana, mikono anayo.

"Na nyusi?"

Nazo anazo.

Wakatazamana. Prosper akauliza, kwa adabu kabisa, "Sasa tatizo ni nini?"

Tangu mwezi wa tano hawa watoto hawajasoma sentensi hata moja bila mikono yako mbele yao. Hawajui kusoma kwingine. Wewe unaona umebaki bila sauti. Wao wanaona kuna darasa zima limekaa kwenye madawati likingoja uinue kiganja. Nilikuandikia nikitafuta mbinu ya kufundishia nukta, ukanipa mwili wako mzima, tena ukiwa kitandani, na mimi sikujua. Nakuheshimu sana. Siwezi kuisema vizuri kuliko hivyo.

Hadithi hatuibadilishi, wamekataa. Siku ya Mavuno, Jumapili ya tarehe kumi na saba, Nasieku ataisoma mpaka kwenye zile nukta tatu, kisha tutangoja. Sifaeli amesema benchi atalibeba yeye. Sijui tutangoja mpaka saa ngapi. Mzee Gadiel ameshauriwa asiguse jogoo.

Mwanao,
Eunike


Nyumbani, juu ya Kikatiti, 18 Agosti 2025

Darasa la tatu wangu, na mwalimu wenu Eunike,

Mlinipa hadithi niimalizie, nikachelewa. Kazi iliyochelewa ilikuwa inanipandisha hasira, mwulizeni Mwalimu Mkuu wenu. Hii hapa.

"Akafungua mdomo... na hakikutoka kitu.

Watu wakangoja. Upepo wa mlimani ukapita kwenye migomba. Mzee Lesikar akatoa mkono mfukoni, akaurudisha. Bibi akaona mama mmoja anajifuta macho, na moyo wake ukamwambia, shuka, rudi Njiro, gari la Rodrick halijazimwa. Mguu mmoja ukaanza kushuka kwenye benchi. Vidole vitatu vilikuwa bado juu, kwa sababu alivisahau.

Ndipo sauti ikasema, 'Jogoo mwekundu,'

Bibi akageuka. Ng'ambo ya meza alisimama msichana mwenye sweta la kijani. Hakuwa anaangalia watu. Alikuwa anaangalia mkono wa Bibi, na amenyamaza, anangoja. Bibi akafungua kiganja.

'mnene,' akasema msichana.

Bibi akainua nyusi.

'Nani anaongeza?'

Nyuma ya msichana wakasimama wenzake wote, na kila Bibi alipopumua, nao wakapumua. Mara ya kwanza. Mara ya pili... Akaviacha vidole juu. Akamtazama Mzee Lesikar. Hakuna aliyetafuna. Hata wale waliokuja kumpa pole walisahau pole zao, wakabaki wanatazama mfuko wa mzee wa watu. Bibi akajua wamerudi mkononi mwake, na akawaweka hapo, akawaweka hapo, kwa raha yake mwenyewe.

Kisha akapiga ngumi mezani."

Huo ndio mwisho, na mmeuona kwa macho yenu, kwa hiyo hamwezi kusema nimetia chumvi. Sauti ilikuwa ya Nasieku, nyembamba, ya mtu anayepima maneno. Lakini kila mahali ninapovuta pumzi, hapo hapo alivuta. Eunike, nimefundisha alama hizi tangu hujazaliwa, na siku zote nilidhani ni vitu vya daftarini. Wewe umezichukua ukazifanya watu. Umenizidi, na nimefurahi mpaka usingizi umenikimbia.

Rodrick amerudi Njiro peke yake. Mbwa wake atapumua.

Jumapili ijayo kuna mayai na mkungu wa ndizi, nataka Prosper aje aongee, na avue kofia.

Huku salama, ila huyu jogoo, ambaye Mzee Lesikar alimnunua akanipa nanyi mkagoma nisimrudishe mnadani, anawika tangu alfajiri kuliko nilivyowahi kuwika mimi. Nimemwinulia kiganja, nimempigia ngumi, hasikii. Hajasoma darasa la tatu.

Bibi wenu wa Mnada,
Elieshi